Wanangu, Msipunje Inchi za Dohani

Kila mwaka, majani ya miti yakianza kugeuka mekundu huku Massachusetts, simu yangu huanza kulia, na swali huwa lilelile. Mzee, tumenunua nyumba, sebuleni kuna meko ya matofali, ya zamani, mazuri ajabu, watoto wanataka kuota moto, tuwashe? Nacheka kidogo, nauliza hali, nauliza watoto wanaendeleaje na shule, ndipo nauliza nani amepanda juu akaitazama dohani. Hapo kimya. Hakuna aliyepanda. Aliyewauzia nyumba kasema meko hayana tatizo, naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia yeye, na wote hao huenda ni watu wakweli wasiotaka kumdhuru mtu. Hata hivyo mmeuziwa mbuzi kwenye gunia, wanangu. Gunia lifunguliwe kwanza, ndipo kiberiti kitafutwe.

Nimeshika mwiko na timazi tangu ujana, kwanza Lushoto, ambako baridi ya Usambara haimwachi mtu aulize moto ni wa nini, halafu huku ughaibuni. Na katika kazi yote hiyo nimeuona udhaifu mmoja ukirudi tena na tena, kwa Mzungu na kwa Mwafrika, kwa fundi na kwa mwenye nyumba. Mtu huambiwa acha inchi mbili, akaacha moja. Si mwovu. Mbao imeshakatwa, jua linazama, mke anauliza lini vumbi litatoka ndani, na inchi moja, jamani, ni kitu gani? Ndivyo tulivyoumbwa. Hata muuza mchele mwenye haya zake hupunja kibaba kidogo siku ya shida, akijiambia hakuna atakayeona. Ila kibaba kilichopunjwa utakijua jioni ileile ukifika nyumbani ukapima. Inchi ya dohani iliyopunjwa hulala ukutani miaka ishirini, miaka thelathini, na anayekuja kuilipa si yule aliyeipunja.

Hilo ndilo linaloniuma. Laiti moto ungemchoma aliyekosea, siku aliyokosea, tusingehitaji kanuni hata moja; kila mtu angejifunza kwa kidole chake. Kumbe moto wa dohani hukopesha kwa muda mrefu, humwacha mkopaji ahame, azeeke, pengine afe na sifa yake ya ufundi, halafu humgongea mlango mtoto wa mtu mwingine usiku wa Januari.

Sasa tuzungumze inchi zenyewe. Majimbo mengi ya Marekani, Massachusetts likiwemo, hufuata kanuni ya kimataifa ya nyumba za makazi, kila jimbo likiongeza na kupunguza lake. Sura ya 10 ya kitabu hicho ni ya meko na dohani. Inasema dohani inayopita ndani ya nyumba, au ndani ya ukuta wa nje, iachane na boriti, kenchi na mbao zote kwa inchi 2 zisizopungua. Dohani iliyosimama nje kabisa ya kuta, inchi 1. Meko yenyewe, inchi 2 mbele na ubavuni, na inchi 4 mgongoni, kwa sababu mgongo wa meko ndio unaolala na moto usiku kucha. Na nafasi hizo ziwe tupu. Zisitiwe pamba ya kuzuia baridi, wala vipande vya mbao, wala magazeti, isipokuwa kile kizuizi kisichoungua kinachowekwa pale dohani inapotoboa sakafu au dari, ili moto usipate njia ya kupandia.

Nafasi tupu! Hakuna kinachowasumbua watu katika ujenzi kuliko nafasi tupu. Nimewaona watu wema, wenye akili, wanaohesabu vizuri senti za mafuta ya kupasha nyumba joto, wakiinama darini na kusokomeza pamba pembeni mwa dohani kwa sababu walihisi upepo unapita hapo. Upepo huo ndio uliokuwa ukiwalinda.

Waelezeni na watoto wenu jambo hili, maana halionekani kwa macho. Mbao ya kawaida haiwaki kwa joto la ukuta wa dohani. Huhitaji nyuzi zaidi ya 200 za Selsiasi, na tofali la upande wa nje kwa kawaida halifiki huko. Kwa hiyo anayepima kwa mkono wake siku ya kwanza atasema, mbona ni vuguvugu tu. Lakini mbao iliyogusana na tofali hilo msimu baada ya msimu hukauka ikapita ukavu, hubadilika rangi, hugeuka mkaa polepole bila mwali na bila moshi wa kunuswa. Na mbao iliyokwisha kugeuka mkaa haihitaji tena joto lilelile la mwanzo. Hushika kwa joto dogo zaidi. Meko yaleyale, kuni zilezile, familia ileile iliyoota moto miaka kumi bila neno, na usiku mmoja ukuta unawaka kutoka ndani. Majirani husema ni bahati mbaya. Bahati mbaya ilipigwa msumari siku ya ujenzi.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja kubomoa ukuta ili wapanue jiko. Tulipofika kwenye dohani tukakuta boriti ya ghorofa ya juu imepumzishwa kichwa chake ndani ya matofali, kwa kuwa fundi wa zamani aliona hapo pamekaa imara, na kweli pamekaa imara. Kichwa cha boriti kilikuwa cheusi hadi ndani, nikikisugua kwa kidole kinamomonyoka. Juu ya boriti hiyo palikuwa na kitanda cha mtoto. Mama mwenye nyumba alikaa chini kwenye vumbi akalia, nami sikuwa na la kumwambia ila kwamba ashukuru wamepanua jiko mwaka ule.

Msidhani kanuni hizi zimebuniwa na watu wa ofisini wanaotaka kuwauzia vibali. Zina umri mrefu, na kila moja ina majivu chini yake. Mji wa Boston ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja mwezi Machi 1631, wakati dohani ya nyumba ya Bwana Sharp iliposhika moto. Siku hizo dohani nyingi zilikuwa za vijiti vilivyokandikwa udongo, na hiyo haikuwa imekandikwa huko juu kileleni. Yaani fundi alikandika, akakandika, akachoka alipokaribia mwisho. Moto ukashika nyasi za paa, upepo wa kaskazini-magharibi ukauchukua hadi kwa Bwana Colburn, na nyumba zote mbili zikaisha. Thomas Dudley, aliyekuwa naibu gavana, aliandika mwezi huohuo kwamba katika mji mpya waliokusudia kuujenga hakuna atakayeruhusiwa kujenga dohani ya mti wala kuezeka kwa nyasi. Udongo kidogo tu uliokosekana pale juu ulitosha kuleta amri hiyo.

Miaka 17 baadaye, 1648, Peter Stuyvesant huko New Amsterdam, mji ambao leo tunauita New York, aliteua watu wanne wa kuzunguka wakikagua dohani. Aliyekutwa na masizi alitozwa faini, na fedha za faini zikanunua ndoo za ngozi, ngazi na kulabu za kuzimia moto. Nawaza watu wale wanne walivyopokelewa milangoni. Bila shaka waliambiwa maneno yaleyale wanayoambiwa wakaguzi leo: nyumba ni yangu, dohani ni yangu.

Na Uingereza ndiko kuna kisa ambacho kila ninapokisimulia nahisi namfahamu mhusika. Serikali ya huko ilianzisha kodi ya meko mwaka 1662, shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko, na kodi hiyo ilichukiwa hadi ilipofutwa 1689. Mwaka 1684, katika kijiji cha Churchill, Oxfordshire, mwoka mikate mmoja alitoboa ukuta, akauelekeza moshi wa tanuri lake kwenye dohani ya jirani ili asihesabiwe. Moto ukatoka. Zikateketea nyumba 20 na majengo mengine, na watu wanne wakafa. Nani kati yetu hajawahi kutafuta njia ya kuikwepa kodi ndogo? Simlaumu kwa kutamani kuokoa shilingi zake. Nasikitika tu kwamba jirani, ambaye huenda alikuwa akinunua mikate yake kila asubuhi, hakuulizwa.

Turudi sebuleni. Tuchukue meko yenye mdomo wa inchi 36 kwa upana na inchi 30 kwenda juu, kipimo cha kawaida tu. Mdomo huo una inchi za mraba 1,080, yaani futi za mraba saba na nusu. Kanuni inasema mdomo ukifika futi za mraba 6 au zaidi, sakafu isiyoungua mbele yake itokeze inchi 20, na kila ubavu inchi 12. Mdomo mdogo kuliko huo, inchi 16 mbele na 8 ubavuni. Sababu yake mnaijua wenyewe mliopikia kuni: gogo huvunjika likaviringika, na kuni yenye utomvu hurusha cheche. Halafu nakuja kuona zulia zuri limesogezwa hadi kwenye ukingo wa meko, kwa sababu sebule ni ndogo na mguu wa mgeni usikanyage baridi. Navuta zulia nyuma, nawaambia wenyeji kwa upole, na wiki inayofuata liko palepale.

Kuna jambo chini ya sakafu hiyo ambalo wanunuzi hawalioni kabisa. Wakati wa kumwaga zege la sakafu ya meko, fundi hupiga fomu za mbao kwa chini. Kanuni inataka zege likishakauka, kitu chochote kinachoungua kiondolewe chini yake. Mafundi wa zamani wengi waliziacha mbao hizo. Kuzitoa ni kazi ya kulala chali gizani huku vumbi likikuangukia machoni, na nani atashuka kuangalia? Zimekaa huko, zikichomwa taratibu kutoka juu na majivu ya moto wa kila jioni. Basi shukeni na tochi mwangalie. Mkiona mbao zimebanana na zege chini ya meko, msiwashe.

Rafu ya mbao ya juu ya meko, mnayopanga picha za harusi, isikaribie mdomo kwa chini ya inchi 6. Ikiwa ndani ya inchi 12, isitokeze mbele zaidi ya sehemu moja ya nane ya inchi kwa kila inchi ya umbali. Watu wengi huvunja hii kwa ajili ya uzuri, na uzuri naupenda pia, lakini gogo la mwaloni lililotokeza inchi nane juu tu ya mwali linaomba kuungua.

Ila tatizo ninaloitiwa mara nyingi si moto, ni moshi. Njia ya moshi lazima ilingane na mdomo wa meko. Kwa mdomo wetu wa inchi za mraba 1,080, njia ya mviringo isipungue sehemu moja ya kumi na mbili, yaani inchi za mraba 90. Njia ya mraba isipungue sehemu moja ya kumi, yaani 108. Sasa anakuja mwenye nyumba mpya, anaona mdomo ni mdogo, anang'oa safu mbili tatu za matofali, anaupanua hadi inchi 48 kwa 36. Kwa kupenda picha aliyoiona gazetini, ameongeza mdomo hadi inchi za mraba 1,728, na njia ya moshi imebaki ileile ya babu. Mwali hauna kosa. Moshi unajaa chumbani kwa sababu hauna pa kupita, na familia inafungua madirisha wakati nje theluji inaanguka.

Benjamin Thompson, aliyezaliwa Woburn hapahapa Massachusetts mwaka 1753 na ambaye dunia inamkumbuka kwa jina la Count Rumford, aliliona hili mapema. Andiko lake la 1796 juu ya meko lilifundisha kubana koo la meko, kuyafanya yawe ya kina kifupi na kupanua kuta za ubavuni ziangalie chumba, ili joto lirudi kwa watu badala ya kupotea angani. Kanuni ya leo bado inamheshimu: meko ya kawaida yawe na kina cha inchi 20, bali meko ya Rumford yanaruhusiwa inchi 12, mradi kina kisipungue theluthi ya upana wa mdomo. Mkiona meko ya kina kifupi katika nyumba ya zamani, msikimbilie bomoabomoa. Pengine aliyeyajenga alijua kuliko sisi.

Dohani nayo ipande. Futi 3 juu ya pale inapotokeza kwenye paa, na futi 2 juu ya sehemu yoyote ya jengo iliyo ndani ya futi 10. Nyumba nyingi zilitimiza hilo zilipojengwa. Kisha mtoto wa tatu akazaliwa, ghorofa ikaongezwa upande wa pili, na dohani ikajikuta imesimama chini ya paa jipya. Upepo unaovuka paa hilo unashuka kwenye dohani, na wenyeji wanalaumu kuni. Mkiongeza nyumba, ongezeni dohani. Na tafadhali tieni kingʼora cha kaboni monoksidi, ambacho Massachusetts imekilazimisha tangu 2006. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na anayeivuta huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na usingizi, akadhani ni uchovu tu.

Ndani ya dohani kuna bitana ya vigae vya udongo, unene wake usipungue sehemu tano za nane ya inchi, viungo vyake vikiunganishwa kwa udongo maalumu unaohimili moto. Kuni mbichi huharibu kila kitu humo. Moshi wake ni mzito na una maji, hupanda, hukutana na ubaridi wa juu, huganda ukutani ukawa lami nyeusi ing'aayo. Lami hiyo ikishika, dohani huunguruma kwa sauti ambayo hutaisahau, na joto laweza kufikia nyuzi 1,100. Vigae hupasuka. Mara nyingi moto huo huisha wenyewe, wenyeji humshukuru Mungu, hulala, na mwaka unaofuata huwasha tena, wasijue kwamba sasa kati ya moto na boriti zao kuna nyufa. Kau­sheni kuni kwanza, unyevu wake uwe chini ya asilimia 20. Mama zetu walilijua hili bila kipimo: waligonganisha vipande viwili wakasikiliza mlio.

Chama cha kitaifa cha kuzuia moto cha Marekani, NFPA, katika kiwango chake namba 211, kinataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Kina ngazi tatu za ukaguzi. Ya kwanza ni ya kawaida, kwa dohani inayotumika kila siku bila mabadiliko. Ya pili ndiyo yenu: nyumba inapouzwa, au baada ya moto wa dohani, mkaguzi huingia darini na chini ya sakafu, na kamera hupitishwa ndani ya njia ya moshi hadi mwisho. Ya tatu hubomoa palipofichika, pakishukiwa hatari. Mnaponunua, daini ngazi ya pili kwa maandishi kabla ya kutia sahihi. Muuzaji akikunja uso, mwacheni akunje. Mlishahesabu pesa za mapazia na sofa. Za kamera ni chache kuliko hizo.

Nanyi mnaojenga mapya, chukueni kibali. Miji mingi ya jimbo hili humtaka mkaguzi aje wakati meko yamefika kooni, kigae cha kwanza cha bitana kimeshawekwa na dohani haijapanda, kwa kuwa hapo ndipo anapoweza kuona inchi zote nilizozitaja: mgongo, ubavu, linta, nafasi tupu, chini ya sakafu. Fundi atawaambia tusimame ya nini, saruji imeshakorogwa, mvua inakuja, mkaguzi anachelewa. Mlipeni siku hiyo ya kukaa bure, mpikieni chai, afunike matofali kwa turubai, asiweke tofali jingine hadi mkaguzi aingize futikamba yake nyuma ya ukuta na kutia sahihi.